Ushahidi Unaosubiri: Somo juu ya vinasaba na makosa ya zamani, kwa familia za Masisi na Walikale



 Katika vikao vyetu na familia zilizokimbia makwao kuna maswali mawili ambayo hurudi kila mara. La kwanza: "Mambo haya yalitendeka miaka mingi iliyopita. Je, bado kuna njia ya kumjua aliyeyatenda?" La pili: "Tunasikia kuna kipimo cha damu kinachomtambua mtu. Kwa nini hakiletwi huku kwetu?"

Somo la leo linajaribu kujibu maswali hayo. Hatutaki kuwapa tumaini la uongo, wala hatutaki mkate tamaa kabla ya wakati. Tutaeleza kipimo hiki ni nini, kimefanya nini penginepo, kwa nini hakikusaidia huku kwetu kama ambavyo kingeweza, na nini kila familia na kila kiongozi anaweza kufanya leo ili ushahidi usipotee.

VINASABA NI NINI?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila chembe kuna kitu kama maandishi, kinachoeleza jinsi mwili huo ulivyo. Wanaosema Kiingereza hukiita DNA, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea kusema ADN. Kwa Kiswahili ni vinasaba, kwa sababu vinaonyesha nasaba, yaani ukoo wa mtu. Nusu ya vinasaba vyako umepewa na mama, nusu na baba. Ndugu wa tumbo moja hufanana kwa sehemu, lakini hawalingani, isipokuwa mapacha wanaofanana kabisa.

Vinasaba vinapatikana katika damu, mate, shahawa, ngozi, mzizi wa unywele, mfupa na jino. Maabara haisomi maandishi yote. Husoma sehemu chache, mara nyingi kama 20, ambazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kisha huziandika kama safu ya namba.

Safu hiyo ya namba peke yake haitaji jina la mtu. Ni lazima kuwe na vitu viwili vya kulinganisha: kile kilichopatikana mahali pa tendo au katika mwili, na kile kilichochukuliwa kwa mtu anayeshukiwa au kwa jamaa wa aliyepotea. Ukikosa kimoja, kingine kinabaki kimya. Mnapaswa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi yatakayofuata.

FAILI ZILIZOLALA NA KUAMKA

Uingereza. Mwezi wa Septemba 1984 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys, aligundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Wakati huo polisi wa eneo hilo walikuwa wakitafuta aliyembaka na kumuua msichana wa miaka 15 mwaka 1983. Mwaka 1986 msichana mwingine wa miaka 15 aliuawa kwa namna hiyo hiyo karibu na hapo. Kijana mmoja wa miaka 17 alikiri kosa la pili. Kipimo kilionyesha mambo mawili: muuaji wa wasichana wote wawili alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa yule kijana. Polisi wakachukua damu ya maelfu ya wanaume. Colin Pitchfork alimtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Mwenzake huyo alipolisimulia jambo hilo, aliyesikia akaenda kuwaambia polisi. Pitchfork alikamatwa mwaka 1987 na kuhukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988.

Tunajifunza mawili hapa. Kazi ya kwanza ya kipimo hiki katika kesi ya jinai ilikuwa kumwokoa asiye na hatia, tena aliyekuwa amekwisha kukiri. Na hata kipimo kilipokuwapo, muuaji alipatikana kwa sababu mtu wa kawaida alikataa kunyamaza.

Marekani. Katika jimbo la California, miaka ya 1970 na 1980, mtu mmoja aliua watu 13 na kubaka wanawake wengi. Hakujulikana. Lakini vitu vilivyochukuliwa kutoka kwa wahanga vilihifadhiwa kwa miongo. Aprili 2018 wachunguzi walilinganisha vinasaba hivyo na vya jamaa wa mbali waliokuwa wametafuta asili ya ukoo wao, wakafuata matawi ya ukoo hadi kumfikia Joseph James DeAngelo. Mwaka 2020 alikubali makosa yake na kufungwa maisha. Faili lilikuwa limelala zaidi ya miaka 30.

Argentina. Chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, wanawake wajawazito walikamatwa, wakazaa kifungoni, kisha wakauawa, na watoto wao wakagawiwa kwa watu wengine. Bibi zao hawakukaa kimya. Walimtafuta mtaalamu, Mary-Claire King wa Marekani, akasaidia kupata njia ya kumtambua mtoto kwa damu ya bibi na babu hata kama wazazi hawapo. Mwaka 1987 nchi iliunda benki ya taifa ya kuhifadhi vinasaba vya familia hizo. Wajukuu zaidi ya 130 wamepatikana. Wengi wa bibi hao wameshafariki, lakini damu waliyoitoa bado inafanya kazi.

Bosnia. Julai 1995 wanaume na wavulana karibu 8,000 waliuawa huko Srebrenica. Wauaji walirudi na mashine, wakafukua makaburi na kutawanya mifupa ili kuficha tendo. Mifupa ya mtu mmoja iliweza kupatikana katika makaburi mawili au zaidi. Familia zilitoa damu, na tangu mwaka 2001 vinasaba vikaanza kuunganisha mifupa na majina. Karibu watu 7,000 wametambuliwa. Ushahidi huo ulitumika pia mahakamani dhidi ya viongozi, akiwemo Ratko Mladić, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2017.

Kenya. Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mingi haikuweza kutambulika kwa sura. Jamaa walitoa vipimo vyao, maabara ya serikali ikalinganisha, na Machi 2024 familia za kwanza zikakabidhiwa watu wao mjini Malindi ili wazikwe kwa heshima. Tanzania nayo ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009.

NA SISI JE? LUVUNGI NA MINOVA

Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha wapatao 200 walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, wilaya ya Walikale. Luvungi ni kimoja cha vijiji hivyo. Walikuwa wa kundi la Maï-Maï la Sheka, wa FDLR, na wa kanali mmoja aliyetoroka jeshi. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwaka 2011 ulihesabu wahanga wa ubakaji wasiopungua 387: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Nyumba 923 ziliporwa, na watu 116 walitekwa ili wabebe mizigo.

Wahanga walipatikanaje? Habari zilichelewa kutoka. Wengi walikuwa wamekimbilia msituni. Waliofika kwa daktari walifika baada ya siku nyingi, na wakati huo kitu cha kulinganisha kilikuwa kimekwisha kutoweka mwilini. Huko Walikale hapakuwa na maabara ya aina hii, na waliotenda walikuwa porini ambako hakuna wa kuwachukua damu. Vitu vile viwili tulivyosema havikupatikana.

Hata hivyo kesi haikufa. Hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka ilitolewa Januari 2011. Alijisalimisha Julai 2017. Kesi yake ilianza Goma Novemba 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha. Mzigo mkubwa wa kesi hiyo ulibebwa na wanakijiji wenyewe, waliokumbuka, waliokubali kuandikwa na waliokubali kusimama mbele ya waamuzi miaka kumi baadaye.

Minova inatufundisha upande wa pili. Novemba 2012 askari wa serikali waliorudi nyuma kutoka Goma walibaka watu wengi Minova, jirani kabisa na Masisi. Washtakiwa 39 walifikishwa mahakamani Goma. Hukumu ilipotoka tarehe 5 Mei 2014, ni wawili tu waliopatikana na hatia ya ubakaji. Wahanga waliaminiwa kwamba walibakwa, lakini wengi hawakuweza kusema ni askari yupi. Ilikuwa usiku, na sare ni moja. Hapa ndipo kipimo cha vinasaba kingeweza kuleta tofauti, kwa sababu majina ya vikosi yalijulikana na washtakiwa walikuwepo. Kama vitu vingechukuliwa kwa wahanga mapema na kutunzwa vizuri, kulinganisha kungewezekana.

VINASABA HAVIWEZI KUFANYA NINI?

Hapa tunaomba viongozi wasome polepole.

Kwanza, kipimo cha mahakamani hakijibu swali "Ni kabila gani?" Hujibu swali "Ni mtu gani?" Muhunde, Muhutu, Mutusi, Munyanga, Mutembo, Mutwa: hakuna kati yao atakayepatikana na hatia kwa sababu ya kabila lake. Tangu Machi 1993, vita vilipoanza kwenye soko la Ntoto huko Walikale na kuingia Masisi, tumeona mara nyingi jinsi kosa la watu kumi linavyolipwa na kijiji kizima cha watu wasiohusika. Atakayesema "damu itaonyesha ni wale" anadanganya. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinalitoa kosa mgongoni mwa jamii na kuliweka juu ya mtu mmoja mwenye jina.

Pili, vinasaba havisemi nani alitoa amri. Kamanda anaweza kuwa hakugusa mtu. Kumpata huyo kunahitaji mashahidi.

Tatu, vinasaba vikikosekana haina maana kwamba kosa halikutendeka. Mtu asimwambie mama, "Daktari hakukuta kitu, basi unasema uongo."

Nne, kipimo kinaweza kukosewa na watu. Huko Ujerumani polisi walimtafuta kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana mahali pa makosa kama 40. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba hakuwa mhalifu: vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza pamba za kuchukulia vipimo. Kwa hiyo kila mkono ulioshika kitu cha ushahidi lazima uandikwe.

Tano, kuna watoto waliozaliwa kwa ubakaji. Kisheria mtoto huyo anaweza kusaidia kumtambua baba yake. Lakini mtoto ni mtu, hakuzaliwa ili awe ushahidi. Asipimwe kwa kulazimishwa, wala kwa siri, wala ili ukoo upate sababu ya kumfukuza. Mama na usalama wa mtoto vitangulie.

TUFANYE NINI LEO?

Kwa aliyebakwa na familia yake:
1. Matibabu ni ya kwanza. Ndani ya saa 72 kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, na ndani ya siku 5 kuna dawa ya kuzuia mimba. Kwenda kwa daktari hakumlazimishi mtu kushtaki.
2. Ikiwezekana asioge na asifue nguo kabla ya kuonwa. Kama amekwisha kuoga, aende hivyo hivyo. Asilaumiwe.
3. Nguo zikaushwe kivulini, kila moja ifungwe peke yake katika karatasi safi. Msitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huleta ukungu na ukungu huharibu vinasaba.
4. Ombeni cheti cha daktari. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 inataka mwamuzi amwite daktari na mtaalamu wa saikolojia katika kesi hizi. Huko Kavumu, Kivu ya Kusini, kazi ya madaktari waliowaandika watoto wadogo waliobakwa kati ya 2013 na 2016 ilisaidia kuwatia hatiani wanaume 11 mwezi wa Desemba 2017.
5. Hata kama miaka imepita, kosa la vita na kosa dhidi ya ubinadamu haliozi kisheria.

Kwa mahali walipozikwa watu:
1. Msifukue. Mfupa na jino hutunza vinasaba kwa miaka mingi ardhini. Jembe la mtu asiyejua huchanganya watu na kuharibu ushahidi.
2. Wekeni alama ambayo ninyi mnaielewa: mti, jiwe, hatua kutoka njiani. Zaidi ya mtu mmoja ajue.
3. Ikiwa mvua au wanyama wanalazimisha kuhamisha mwili, kila mwili ukae peke yake pamoja na nguo zake, na mashahidi waandike siku na mahali.

Kwa familia zenye watu waliopotea:
1. Andikeni jina, umri, nguo za siku ile, meno yaliyong'oka, mfupa uliowahi kuvunjika, na mahali alipoonekana mara ya mwisho.
2. Andikeni pia jamaa walio hai: mama, baba, watoto, ndugu wa tumbo moja, na ndugu wa upande wa mama. Kuna aina ya vinasaba ambayo hupita kwa mama peke yake, na husaidia sana kwa mifupa ya zamani. Kwa hiyo mama mdogo na mama mkubwa ni muhimu. Msingoje hadi wazee wafe.
3. Peleka habari kwa Msalaba Mwekundu, ambao hutafuta watu waliopotezana na familia bila malipo.
4. Asije mtu yeyote akachukua mate au damu yenu bila kueleza: anatoka wapi, kitapelekwa wapi, nani atakiona. Asiyejibu, mkatalieni. Anayedai pesa, mkatalieni pia.

Kwa machifu, wazee wa barza, wachungaji, mapadri na maimamu:
1. Msimalize ubakaji kwa mbuzi wala kwa faini. Sheria ya 2006 inasema malipo hayazimi kesi hiyo.
2. Karatasi yenye majina ya mashahidi inaweza kuua. Tumieni namba badala ya majina, na ufunguo wa namba ukae mahali pengine. Kuweni na nakala mbili sehemu mbili. Kama hakuna mahali salama, ni heri yakae kichwani mwa watu wawili au watatu waaminifu.
3. Msitangaze jina la mshukiwa hadharani. Mkumbuke kijana yule wa Uingereza aliyekiri kosa ambalo hakulitenda.
4. Waelezeni watu kwamba sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeweka haki ya fidia kwa wahanga wa ubakaji wa vitani na wa makosa makubwa mengine.

KUSUBIRI BILA KUSAHAU

Tunajua mtakachosema. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-kati mwezi wa Januari na Walikale-kati mwezi wa Machi. Mwezi wa Februari kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa na watu wakabeba tena mizigo yao. Ni nani atatunza bahasha ya karatasi huku akikimbia na mtoto mgongoni? Hatuna jibu rahisi. Tunasema tu: yule anayeweza kutunza kitu kimoja, akitunze. Cheti kimoja cha daktari. Alama moja ya kaburi. Jina la mama mdogo aliye hai. Bibi wa Argentina walianza na picha za watoto wao tu.

Kisasi hakingoji ushahidi, na kwa hiyo humpiga yeyote aliye karibu. Haki hungoja, na wakati mwingine hungoja sana, lakini ikifika hugonga mlango mmoja tu. Kila ushahidi tunaoutunza ni sababu moja zaidi ya kuwaambia vijana wetu, "Wekeni panga chini, jambo hili halijasahauliwa."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani wanajua mahali walipozikwa watu wetu? Wakifa, nani atajua?
2. Ni mambo gani yanayomzuia aliyebakwa kufika kwa daktari ndani ya siku tatu? Ni lipi tunaloweza kuliondoa sisi wenyewe?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa sababu ya kabila lake, kisha ikaonekana hakuhusika? Tulimwomba msamaha?
4. Kati ya wazee walio hai leo, ni nani anayeweza kusaidia kumtambua jamaa yetu aliyepotea? Tutaanza kumwandika lini?

Someni somo hili pamoja, wanawake na wanaume, na ikiwezekana pamoja na majirani wa jamii nyingine. Kila jamii ina watu wake inaowatafuta. Tunawatakia amani.